Tundu la Sikio la Kushoto

Mate yalikusanywa siku ya Jumanne kwenye ukumbi wa kigango cha Mkumbi, baada ya wanawake kumaliza kufagia na kabla kwaya haijaja kufanya mazoezi. Mtafiti aliitwa Eunice, binti mpole aliyevaa raba nyeupe, jambo ambalo kwa Mkumbi ya wakati wa mvua ni ujasiri. Alipanga vichupa mezani, akahakikisha hakuna aliyetoka kunywa togwa, kisha akaeleza kazi yake. Walikuwa wakichora ramani ya vinasaba vya watu wa mlimani na wa kando ya ziwa, wajue nani ametokana na nani, na kwa nini kitu kile kile huonekana kwa mtu huyu na kujificha kwa mwingine.

"Waliowazaa mnao ndani yenu," alisema. "Ila si kila kitu chao kinafanya kazi. Kingine kimewashwa, kingine kimezimwa. Sisi tunatafuta kinachowasha na kinachozima."

Mzee Bartholomayo, aliyekaa benchi la mbele kama alivyokaa mbele ya kila jambo maisha yake yote, aliuliza kama kilichozimwa kinaweza kuwaka.

"Kinaweza, mzee. Tena hakiombi ruhusa."

Watu wakacheka. Bartholomayo akatema mate mpaka kwenye alama, akafuta mdomo, akaenda shambani kufyeka nyasi.

Alhamisi aliamka na kikohozi cha marehemu baba yake. Kilikuwa kikohozi cha ugoro, kikavu, chenye kuanzia mbali, na Bartholomayo hajawahi kuvuta ugoro. Mke wake, Getrude, alikitambua kabla hajafumbua macho, akasema, "Shikamoo, baba," kwa mazoea ya ukwe, kisha akaenda kuwasha moto. Kikohozi kilikaa mpaka Ijumaa jioni kikaondoka.

Jumapili aliimba kwa sauti ya mama yake. Alifungua kinywa wakati wa matoleo na ikatoka sauti nyembamba, safi, yenye kutetemeka kidogo mwishoni, ambayo haikuwa imesikika kwenye kigango kile tangu mama huyo, Hilda, aondoke. Mwalimu wa kwaya hakusimamisha wimbo. Alimwashiria tu mzee ahamie upande wa wanawake, akahamia, wakaendelea. Wazee wawili waliomfahamu Hilda walitazama sakafu mpaka baraka ya mwisho.

Hapa inabidi kueleza habari ya sikio, maana bila hiyo mengine hayaeleweki.

Bartholomayo alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, jina lake Joakim. Joakim alizaliwa na kitundu mbele ya sikio la kushoto, pale sikio linapoungana na shavu, kidogo kiasi cha kuingiza ncha ya sindano. Baba yao alipokuwa hai kilikuwa kitu cha kuchezea watoto tu. Baba alipokufa, ukafika wakati wa kugawana ntambo, yaani mgongo wa mlima ambao ukoo mmoja hulima tangu kileleni mpaka mtoni. Wanaume wa ukoo wakakaa. Bartholomayo, mzaliwa wa kwanza, akasimama akasema kwamba katika nyumba yao hakuna sikio lenye tundu, na kwamba kabla ya Joakim kuzaliwa mfanyabiashara mmoja wa pwani, Adinani, alikaa Mkumbi muda mrefu akiuza kanga. Lisemwalo lipo, alisema, na kama halipo laja. Wanaume wakapita mmoja mmoja wakipapasana masikio. Yote yalikuwa mazima. Masikio ya Adinani hayakutazamwa na mtu, ingawa mwenyewe alikuwa dukani kwake Mbinga mjini, anapima sukari.

Joakim akaambiwa aende kwenye masikio yanayofanana na lake. Akashuka ziwani, akaanza maisha Lipingo. Hilda akarudishwa kwao Mpepai katika umri ambao mwanamke hungoja kubembeleza wajukuu, na huko akafa, akazikwa huko. Ilikuwa dhuluma. Waliokaa kikao kile walijua hivyo wakiwa bado wamekaa, lakini ilikuwa dhuluma yenye rutuba, na kahawa iliyopandwa kwenye sehemu ya Joakim ilizaa vizuri kuliko yote.

Jumatatu iliyofuata alifika Hamidu na gari lake la usipa. Hamidu ni mjukuu wa yule Adinani, na hata hivyo kwa miaka mingi ndiye aliyebeba salamu za Joakim kutoka Lipingo kuzileta Mkumbi pamoja na dagaa hao wa ziwa. Bartholomayo alikuwa akipokea samaki na kuacha salamu.

"Mzee, shikamoo. Leo salamu ni nzito," Hamidu alisema huku akimpimia Getrude. "Mzee Joakim hali yake si nzuri, hanyanyuki tena. Anaomba akifa apandishwe, alale kwenye ntambo, karibu na baba yake. Hataki kingine."

Bartholomayo alijibu kwa sauti ya kike kwamba amesikia. Hamidu alimtazama kidogo, akaongeza usipa kiganja kimoja juu ya kipimo, akaondoa gari.

Jumatano Bartholomayo aliamka na miguu ya matege ambayo haikuwa ya baba yake wala ya mama yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anakunywa uji, Getrude akimletea maji ya kunawa, pale Getrude aliposimamisha kata hewani.

"Sikio lako limetoboka."

"Upande gani?"

"Wa kushoto."

Alimaliza uji. Kisha akachukua fimbo, akatembea kwa ile miguu mpya mpaka kwa shangazi yake Vitalia, dada wa baba yake, ambaye ndiye mtu pekee Mkumbi aliyebaki wa kumwita yeye mtoto.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nimekuona tangu kule bondeni, nikasema baba yangu anakuja." Vitalia alikuwa akipukuchua maharage, hakuacha. "Geuka."

Akageuka. Bibi akapapasa kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayepima kama ndizi imeiva.

"Ndilo. La baba yangu lilikuwa hivi hivi. Alizaliwa nalo. Alifunga kitambaa kichwani mpaka siku ya kufa, maana aliogopa maneno ya watu. Sisi wa nyumbani tulilijua. Mama alikuwa analisafisha kwa unyoya wa kuku."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Siku ile nyinyi mlikuwa mmekaa. Sisi tulikuwa juu tunachimba ngolo."

Hakuna asiyejua kazi hiyo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza mistari kama wavu. Wanawake huchimba mashimo katikati na kuzifukia kwa udongo, na ndivyo mlima unavyoshika maji usiporomoke. Siku ya kikao cha masikio wanawake wote walikuwa na majembe.

"Na baadaye?"

"Baadaye nilikuja kwako. Ukaniambia mambo ya ardhi hayana shangazi." Vitalia alipuliza maganda kwenye ungo. "Nami nikanyamaza. Nilipaswa kupiga kelele mpaka Mbinga. Hilo nalijutia kila siku ya Mungu."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa Bartholomayo yalikuja yakiwa babu. Alikaa kwenye gogo la shangazi yake na kulia, kwanza kwa sauti ya mama yake, kisha kwa kikohozi cha baba yake, na mwisho kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ilikuwa mbaya kuliko zote.

Aliitisha kikao. Wanaume wa ukoo wakaja, pamoja na wanawe, mkubwa wao akiwa Meshack, ambaye sasa ndiye mwenye ile sehemu ya Joakim na ameijaza miche mipya ya kahawa. Bartholomayo alisimama, akavua kofia, akasema kwamba alisema uongo bila kujua, kisha akajirekebisha: alisema bila kutaka kujua. Akaomba Joakim arudishiwe jina na apewe kaburi.

Wanaume wakapanga mstari, wakapita mmoja mmoja wakipapasa. Walikubaliana bila ubishi kwamba ni tundu. Mmoja alisifu jinsi lilivyo safi. Kisha Meshack akaomba kusema.

"Baba, tundu tumeliona, hatulikatai. Lakini limekuja juzi. Lile jambo liliamuliwa zamani, na siku linaamuliwa, hili tundu halikuwepo. Na mnajua wote, akilala mtu kwenye ntambo, kesho watoto wake wanakuja kufyeka makaburi, keshokutwa wanafyeka shamba. Kahawa imeshapandwa."

Wanaume walitikisa vichwa kwa huzuni ya kweli. Walionekana kumpenda Joakim kuliko wakati wowote. Bartholomayo aliuliza kama shangazi Vitalia anaweza kuitwa aseme anachokijua. Wakajibu kwamba yuko shambani, na kweli alikuwa shambani. Ulikuwa msimu wa ngolo. Angeweza kuwaamuru, maana ndiye mkubwa wao. Lakini ardhi alishaigawa, na mkubwa asiye na ardhi ni mkubwa wa kusalimiwa tu. Kikao kikafungwa kwa sala.

Siku iliyofuata alipanda gari la Hamidu. Barabara ya kushuka ziwani ina kona nyingi, na Hamidu, ambaye si mtu wa kukaa kimya, alisema kwamba hata babu yake Adinani alikufa akisikitika. "Alikuwa anasema, jamani, wangekuja tu dukani. Masikio yangu yalikuwa pale pale, tena mazima." Bartholomayo aliomba radhi, na Hamidu akasema ya babu yake ameyasamehe, ila ya mama Hilda si yake kusamehe.

Joakim alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba barazani, pembeni mwa chanja cha kuanikia usipa. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Bartholomayo alikaa chini, mchangani, akageuza kichwa bila kuambiwa. Mdogo wake akanyoosha mkono, akapapasa, akapata.

"Limefunguka lini, kaka?"

"Wiki hii."

"Mimi langu tangu nizaliwe." Akapumzika kidogo. "Linawasha wakati wa mvua. Usilikune."

"Ni la babu, baba yake baba. Shangazi amesema."

"Basi mama hakukosa."

"Hakukosa."

"Ukoo unajua?"

"Wameshika mmoja mmoja. Wamekubali ni tundu."

"Halafu?"

Bartholomayo alitazama ziwa. "Halafu kahawa imeshapandwa."

Joakim hakushangaa. Aliacha mkono wake pale pale sikioni mwa kaka yake, na wakakaa hivyo mpaka wanawake wakaja kuondoa usipa chanjani. Alipofariki alizikwa Lipingo, mahali ambapo watu wa mlimani huona tabu kuchimba kwa sababu mchanga unarudi shimoni. Bartholomayo naye alichimba kwa mikono yake, akiwa na matege ya babu, na kila alichotoa kilirudi.

Baada ya msiba vile vitu vilimtoka kimoja kimoja. Kikohozi hakikurudi, miguu ikanyooka, na kwenye kwaya akarejea kwenye benchi la wanaume ambako hana faida. Tundu peke yake lilibaki. Kupitia tundu lile, akiwa Mkumbi, anasikia mawimbi ya Lipingo yakipiga mchangani. Alimwambia Getrude. Getrude alimshauri alalie upande ule.

Eunice alirudi na ramani yake, akaitundika ukutani kwenye ukumbi wa kigango. Mstari mmoja ulitoka Mkumbi mpaka Lipingo. Alieleza kwamba katika waliopimwa kuna watu wawili, mmoja wa juu na mmoja wa ziwani, wa baba mmoja na mama mmoja bila shaka yoyote, ila majina ni siri ya utafiti. Watu wakapiga makofi. Meshack aliuliza kama kahawa nayo inapimwa.

Kahawa ilipoanza kuwa nyekundu, mke wa Meshack alijifungua mtoto wa kike. Alikuwa na afya, analia vizuri, na mbele ya sikio la kushoto alikuwa na kitundu kidogo kiasi cha kuingiza ncha ya sindano. Ukoo ulikusanyika kumpokea. Safari hii shangazi Vitalia hakungoja kuulizwa. Alisimama katikati ya chumba, akalishika lile sikio mbele ya wanaume wote, akataja kwa sauti jina la baba yake, jina la Joakim, na jina la Hilda.

Wote walimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha Meshack akasema mtoto atashikwa na baridi, akachukua kofia ya sufu aliyofumiwa, akamvisha, akaishusha vizuri upande wa kushoto na kufunga kamba chini ya kidevu.