Alama Nyekundu kwa Fundi Cherehani

Fundi cherehani alikuwa akishona huku jicho moja liko ng'ambo ya njia, kwa wifi yake. Wapimaji wa barabara mpya walimpigia wifi alama nyekundu ukutani, serikali ikamlipa fidia, naye akajenga nyumba ya vigae kule juu. Kwa fundi walipita kama vile hapana nyumba.

"Barabara imekukwepa, wifi," alisema yule dada wa mumewe, meno yote nje. "Shukuru, hubomolewi."

Fundi akacheka naye, lakini roho ilimuuma. Siku moja akatafuta rangi, akajipigia alama yake mwenyewe. Ili wasije wakasema hawakuiona, akaipiga kubwa kuliko zote mtaani.

Mumewe aliporudi alishika kiuno. "Hawa wamekuja saa ngapi?"

"Mchana. Wewe tulia, tutaitwa."

Hawakuitwa. Walioiona alama ni wateja. Mmoja akaja kuchukua kitambaa chake, hakijaguswa hata na mkasi. "Dada, nyumba yako inaanguka kesho keshokutwa. Gauni langu nitalifuata wapi?" Akaja mwingine, na mwingine, mpaka cherehani ikafunikwa shuka.

Ndipo redio ikatangaza: mradi umefutwa. Fedha za umma zimeishia kwenye fidia, mitambo na vikao, na lami haijamwagwa hata ya kujaza kiganja. Nyumba ya zamani ya wifi ikabaki wima, hakuna wa kuidai. Wifi akampangisha nani? Fundi cherehani mwingine! Vile vitambaa vyote vikahamia huko.

Fundi wetu alikuwa anasugua ukuta kwa brashi na sabuni wifi alipotokea, kitambaa kwapani.

"Makubwa! Mbona yangu haikuwa pana hivi? Wewe walikupendelea."

Fundi akachovya brashi kwenye ndoo.

"Haya, acha ukuta. Nishonee gauni la sherehe ya nyumba mpya. Nilimpelekea mpangaji wangu, masikini, kazi zimemzidi, hana nafasi."

Ilikuwa kazi ya kwanza tangu alama ile. Fundi akanawa mikono, akafunua cherehani, akachukua futi na kuizungusha kiunoni mwa wifi.

"Wee! Unanibana!"

"Vuta pumzi, wifi," alisema fundi kwa upole, akaikaza kidogo tena. "Ndio mshono wa siku hizi."