Irabu Juu ya Jiwe la Lahdo

Gevriye alikwisha kulichonga jiwe la kaburi la Lahdo na kuliegemeza kwenye ukuta wa kanisa. Shemasi Aho akainama kulisoma, akaguna.

"Fundi, hapa umemzika mpagani."

"Nimeandika Oromoyo. Yaani Mwaramu, mtu wa taifa la Aramu. Ndivyo alivyojiita tangu ujana wake."

"Irabu ziko wapi? Bila alama zake juu ya herufi, maneno mawili yanaandikwa sawasawa. Mwenye nia njema atasoma oromoyo. Ndugu zake watasoma armoyo, mpagani, na watasoma kwa sauti. Marehemu mwenyewe kanisani tulimwona Pasaka hadi Pasaka."

 Miaka thelathini Gevriye alichonga bila irabu, na hakuna aliyemlalamikia. Lakini neno hili halikuwahi kumpitia mkononi.

Sayde, mjane wa Lahdo, aliyesimama kando yao, hakujua kusoma, ila alisikia vizuri. "Kesho ni arobaini yake," alisema. "Kijiji kizima kitasimama mbele ya jiwe hili. Fundi, weka hizo irabu."

"Nafasi hakuna, mama. Chini kuna mstari wa pili, umebanana. Juu kuna kichala cha zabibu."

Kichala hicho kilimchukua siku mbili. Punje zilisimama moja moja, na jani lilijikunja kama la kweli. Hakuwahi kuchonga kizuri zaidi, na macho yake yaliyoanza kufifia hayakuwa yakimwahidi kingine.

"Mume wangu aligombana na nusu ya kijiji kwa ajili ya neno hilo," Sayde alisema. "Leo hawezi kuwajibu."

"Labda tuwaeleze watu kwa mdomo."

"Utakaa kaburini kuwaeleza wewe? Zabibu ninazo shambani, fundi. Nitakuletea kapu."

Shemasi alikohoa ili asicheke. Gevriye alichukua patasi, akaiweka kwenye shina la kichala, akagonga. Punje zilianguka miguuni pake. Akasawazisha mahali pale, akachonga alama mbili ndogo: moja juu ya herufi ya kwanza, nyingine juu ya ile ya pili. Kazi ya nusu saa.

Kesho yake, kaburini, kaka mkubwa wa Lahdo, Barsom, alisogeza uso karibu na jiwe, akapapasa sehemu yake ya juu.

"Mbona hapa pamebonyea?" aliuliza.

"Soma neno, shemeji," Sayde alisema. "Kwa sauti, na walio nyuma wasikie."

Barsom aliwatazama watu, akalitazama jiwe tena.

"Oromoyo," alisema.

"Asante. Sasa mpishe shemasi aombe."