Mkunjo wa Katikati

"Daktari yuko njiani," muuguzi akasema tena bila kuinua uso.

Fundi akaguna. "Njia gani hiyo isiyofika? Mwambieni apande punda."

Mdogo wake, aliyeketi naye bega kwa bega kwenye benchi, akamfinya paja. Fundi akautoa mkono ule. Hakutaka kufinywa wala kuambiwa asubiri. Alitaka mtu amweleze kwa nini mkono wake wa kulia, uliokata nguo tangu hajaolewa, siku hizi huangusha mkasi. Na kwa nini mpiga picha wa hospitali, aliyemtania kila mgonjwa, alipoiona picha ya kichwa chake aliumeza utani wote, akamkabidhi bahasha kama mtu atoaye pole.

Fundi akaifungua.

"Dada, tumeambiwa tusubiri daktari."

"Kichwa ni cha nani?"

Akaiinua picha dirishani. Vichwa vidogo safu kwa safu, kama vifungo vilivyopangwa kwenye kadi ya dukani, kila kimoja kimegawanywa na mstari. Kusoma picha za namna ile hakujua. Nusu mbili, hizo alizijua: nguo hukatwa ikiwa imekunjwa, ili kulia na kushoto viwe pacha. Hapa upande mmoja ulikuwa na doa jeupe, na mstari wa katikati ulijipinda kama unalikwepa.

"Labda umeigeuza nje ndani," mdogo wake akanong'ona.

Akaigeuza. Doa likahamia upande wa pili. Mstari ukabaki umepinda vilevile. Basi akafanya afanyavyo siku zote kitambaa kinapomtia shaka: akaikunja katikati ya kichwa kimoja, akapitisha ukucha juu ya mkunjo, akatazama. Nusu hazikulingana. Akaikunjua, lakini plastiki si kitambaa. Mkunjo ulikataa kutoka.

Hasira ikampanda, ikatafuta pa kuangukia, ikamkuta mdogo wake. Hapo ikakwama. Ilishawahi kumwangukia. Ni juzi juzi tu, gauni la harusi lilipotoka mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi, naye fundi, mbele ya bibi harusi na mama yake, akamwambia mdogo wake kwamba macho yake ni pambo la uso, akamwondoa kwenye cherehani. Sasa mdogo hushona sare kwenye karakana ya watu. Leo ameomba ruhusa ili amsindikize.

"Ile mikono ya gauni," fundi akasema, macho dirishani. "Niliikata mimi."

"Najua."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Ningesema, ungenirushia mkasi. Na wakati ule ulikuwa bado unalenga."

Kicheko kilimjia fundi, akakizuia. "Usinichekeshe. Nina hasira."

"Kuwa nayo, dada. Mimi nipo."

Mlango ukafunguliwa, wakaitwa. Fundi akanyoosha mkono wa kulia kuichukua bahasha, vidole vikachelewa. Mdogo wake akashika ncha ya pili, kama walivyozoea kushika kitambaa kirefu, wakaingia nayo hivyo hivyo.

Daktari aliibandika picha kwenye kioo chenye taa. "Nani ameikunja?"

"Mimi."

Daktari hakugomba. Alivuta kiti, akaketi karibu nao kuliko walivyotarajia, akaweka kalamu chini.

Taa ikawaka. Katikati ya kichwa kile kukaonekana mistari miwili: mkunjo wa ukucha wake, ulionyooka kama rula, na kando yake ule mwingine, ukienda zake kwa kupinda, ukilikwepa doa.