Ya Baridi

Marijani alikufa akiomba ya baridi, na hilo ndilo lililomkosesha raha mkewe, Biasha. Homa ilimkamata juma lile lile alipomaliza kuichonga hedi, kifuniko cha juu cha injini ya pikapu yake, ili injini iongezeke nguvu, maana mtu yule alitaka gari liruke, si litembee. Biasha akamletea maji ya friji, mgonjwa akayasukuma. "Ya baridi," akamwambia mdogo wake, Mudrik. "Usisahau, ya baridi." Mudrik akakimbilia barafu. Aliporudi, Marijani keshafunikwa shuka.

Injini ilikuwa imebaki bila plagi za kuwashia. Mudrik akaenda kununua Kilindoni, muuzaji akamuuliza, "Ya moto au ya baridi?"

"Kwani nanunua soda?" Mudrik akacheka. Injini yenyewe sasa kali, inachemka, na dawa ya moto ni moto. Akachukua za moto. Ujuaji huo, jamani!

Gari likawaka vizuri. Kuzima ndiko kulikokuwa na mambo. Mudrik alizima mbele ya nyumba ya marehemu, akachomoa ufunguo, na gari likaendelea kunguruma, likitikisika na kukohoa, ufunguo anao mkononi. Loo! Nywele zilimsimama. Kesho yake vile vile. Abiria wa Utende wakawa wanaruka chini kabla halijasimama.

Biasha, aliyekuwa ndani anakaa eda, aliyasikia yote. "Shemeji, ni yeye," akasema dirishani. "Ana kiu. Nilimwacha mume wangu afe na kiu." Chakula hakipiti, kabaki macho tu. Akatoa kikombe cha maji ya baridi. "Mpe."

Mudrik hakubishana na mjane. Akakiweka nyuma ya pikapu, akafungua zile plagi, akapanda bodaboda kurudi Kilindoni. Muuzaji akazitazama ncha zake, nyeupe kama chokaa.

"Hizi zimeungua. Hazipoi, zinawasha petroli zenyewe hata ukizima. Hedi ikichongwa, unaweka ya baridi."

Ya baridi. Mudrik akakumbuka. Kumbe kaka yake hakuomba maji hata kidogo!

Akafunga plagi mpya, akawasha, akazima. Kimya.

"Kanyamaza," Biasha akaita. "Umempa maji?"

Mudrik akafungua mdomo aseme kweli. Kisha akaona uchungu. Amwambieje mke wa mtu kwamba neno la mwisho la mumewe lilikuwa la plagi, na yeye hakuachiwa hata kwaheri?

"Nimempa, shemeji. Kayanywa yote."

"Alhamdulillahi," akasema Biasha, akaangua kilio, kisha akaomba uji.

Mudrik akazunguka haraka ayamwage yale maji kabla uwongo wake haujaonekana. Kikombe kilikuwa palepale alipokiweka, kimesimama, hakina hata tone. Alipokishika, kilikuwa bado cha baridi.