Mchuzi wa Prasoet Umefika kwa Nani?

Mume wangu Prasoet alikuwa fundi wa kufunga mchuzi tuliouza kibandani kwetu. Mimi napika, yeye anafunga. Anachukua kifuko cha plastiki, anakipuliza kwa mdomo kifunguke, anamimina mchuzi, anakisokota shingo kikiwa bado kimetuna hewa, kisha anapiga fundo. Alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo fundo lake lilipinda upande wake peke yake, na wateja walilalamika kwamba halifunguki bila meno. Nilimgombeza kwa kule kupuliza, akasema mchuzi unaochemka unaua kila kitu. Akimaliza, anakipapasa kifuko tumboni na kukiambia, "Haya, nenda salama." Kila kifuko, hata foleni iwe ndefu vipi. Nilikuwa naona aibu.

Alipofariki nikajifunza kufunga mwenyewe, kwa raba, maana fundo lake lilinishinda. Kila asubuhi watawa wa hekalu walipopita pekupeku mbele ya kibanda na bakuli zao kupokea sadaka ya chakula, nilivua viatu, nikaweka kifuko cha mchuzi wa kijani katika bakuli la mmoja wao, nikapiga magoti wakasoma dua, kisha nikamwaga maji kidogo kidogo kwenye shina la mpera nikitaja jina la Prasoet. Thawabu inamfikia, naye anakula. Hapo sikuwa na shaka hata chembe. Mtu aliyependa kula kama yule, nimwache na njaa huko aliko? Ningelala vipi?

Basi ikaja kampuni. Ni ile ya maji ya chupa, yenye kiwanda njia ya kwenda barabara kuu. Walimtuma msichana mmoja, Phim, mpole, fulana ya bluu yenye picha ya pomboo, akatukusanya kwenye ukumbi wa hekalu.

"Mama zangu, shangazi zangu," akaanza, "tunaomba kuanzia mwezi ujao plastiki isiingie kwenye bakuli la mtawa."

Jirani yangu Bunruen, anayeuza wali wa nazi kibanda cha pili, hajui kunyamaza. "Na nyie maji yenu mnayatia kwenye nini, mwanangu? Kwenye viganja?"

Ukumbi mzima ukacheka. Phim akawa mwekundu. "Hilo linashughulikiwa, shangazi."

"Haya, shughulikieni. Sisi tupo."

Lakini tulikubali, kwa sababu mfereji ulio nyuma ya hekalu tulikuwa tunaujua. Ulijaa vifuko hadi maji yakasahau njia, na mvua ikinyesha yanakuja kulala jikoni kwetu. Kampuni ikampa kila mtu mkebe wa ghorofa, zile bakuli tatu za bati zinazopandana na kushikwa na mkono mmoja juu. Asubuhi unampa mtawa mkebe wako, wanakula, wasaidizi wa hekalu wanaosha, mchana unakwenda kuuchukua mezani. Mikebe mizuri kwa kweli, ya kijani, kila mmoja na pomboo wake.

Kila mmoja! Hakuna aliyeliona hilo hadi siku chache baadaye, nilipofungua mkebe niliorudi nao nikakuta unanukia nazi. Nilikuwa nimechukua wa Bunruen. Na wangu? Hakuna anayejua. Nikapaka wangu rangi ya kucha pembeni, nyekundu, niutambue. Wiki haikuisha, nusu ya mtaa wana rangi ya kucha nyekundu pembeni, maana duka la kuuza rangi ni hilo hilo moja.

Nilijiambia bati ni bati tu. Nikaendelea kutia mchuzi wangu kwenye mkebe wa nani sijui, nikaendelea kumwaga maji na kumtaja Prasoet. Hadi Bunruen alipokuja asubuhi moja, nywele hazijachanwa, akaegemea meza yangu.

"Lamduan, usikasirike."

"Nimeshakasirika. Sema."

"Nimemuota Prasoet. Amekaa kitako, anakula. Akanishukuru kwa mchuzi."

"Akamshukuru nani?"

"Mimi."

"Wewe unapika mchuzi tangu lini?"

"Ndiyo nashangaa! Mimi namwagia maji marehemu mama yangu, na ninachotoa ni wali. Akaniambia mchuzi mtamu, ila chumvi imepungua."

Nilishika upawa kama ninayetaka kumpiga nao. Chumvi imepungua, hayo ni maneno ya Prasoet kabisa, miaka yote ya ndoa sikuwahi kusikia mengine mezani. Kwa hiyo kweli alikuwa yeye. Kwa hiyo anakula. Lakini anamshukuru Bunruen! Mimi mkewe hajanijia ndotoni hata mara moja tangu tuuchome mwili wake, na leo anakwenda kwa jirani kusifia mchuzi wangu. Au siku zote hizi chakula changu kinaingia kwa mama yake Bunruen, na Prasoet anaokoteza? Sikujua nimwonee wivu nani, aliye hai au marehemu.

Nikaenda hekaluni kwa mtawa Thong. Nilimjua tangu akiwa kijana wa kushindana mbio za pikipiki, lakini joho ni joho, nikapiga magoti kwa heshima.

"Mtawa, nisaidie. Mchuzi ni wangu, mkebe ni wa mwingine, jina nililotaja ni la mume wangu. Nani amekula?"

"Mimi nimekula, mama."

"Wewe najua! Nauliza kule."

Akakuna kichwa kilichonyolewa. "Ninavyofundishwa, chakula ukishakitoa kwa moyo, kimeshatoka. Chombo hakina neno. Baada ya hapo..." Akatazama dari. "Mama, kule mimi sijafika."

Nikarudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Nilifikiria kurudia vifuko vyangu. Angalau kifuko hakirudi kikiwa cha mtu mwingine. Kifuko kikienda kimekwenda.

Jumamosi hiyo kampuni ikatuita kuzoa mfereji. Phim akagawa glavu, koleo na magunia, na kumbe pia maji ya kunywa, kwenye chupa za plastiki. Bunruen akainua yake juu watu wote waone, hakusema kitu, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Phim akajifanya anafunga kamba za viatu.

Tukaingia, tope hadi magotini. Vifuko vilitoka kama manyoya ya kuku, tabaka juu ya tabaka. Nilikuwa navuta tu bila kuangalia, hadi kimoja kikagoma kubonyea. Kilikuwa kizima, kimetuna, chini kina kitu cheusi na juu hewa. Nikakisugua kwa kidole gumba. Fundo limepinda kushoto.

Nikakaa kwenye ukingo.

Mtawa Thong alikuwa karibu, joho kalikunja kiunoni. Nikamwonyesha. "Hiki hakikuliwa."

Akainamisha macho. "Siku za sikukuu vilikuwa vingi kuliko matumbo, mama. Vilivyobaki vilikuja huku."

Miaka yote ile. Tulitoa pamoja, mimi na Prasoet, tukapiga magoti bega kwa bega, na mchuzi ukaja kulala matopeni. Je, ile haikuwa sadaka? Nilitaka kukasirika, nikashindwa nimkasirikie nani. Na pumzi? Kifuko hiki alikipuliza yeye. Najua mchuzi ukioza unatoa hewa, mimi si mtoto. Lakini sehemu yake moja, hata ndogo, ilitoka kifuani mwa mume wangu, na plastiki hii niliyokuja kuipiga vita ndiyo imenitunzia.

Phim akaja na koleo lake na gunia. "Shangazi, tia hapa tu."

"Hiki kina mwenyewe."

Akasimama, hajui acheke au aombe radhi. Bunruen akapanda ukingoni, akaliona fundo. Alilijua, amelifungua kwa meno mara nyingi. Akamwambia Phim taratibu, "Subiri, mwanangu," akakaa kando yangu na tope lake lote.

Nilifikiria kukipeleka nyumbani, kukiweka kando ya picha yake. Halafu? Nife mimi, wakitupe tena mfereji huu huu? Nikavua glavu. Fundo lililonishinda kulifunga sasa lilinigomea kulifungua, kucha ikakatika, nikaliuma kwa meno kama wateja wake. Likalegea. Hewa ikatoka polepole usoni pangu. Ilinuka vibaya. Nikaivuta yote.

Kisha nikamwaga uchafu uliobaki, nikakikunja kifuko na kukipapasa, watu wote wananitazama na wala sikuona aibu.

"Haya, nenda salama," nikasema, nikakitia ndani ya gunia la Phim.

Bunruen alikuwa anafuta macho kwa kiwiko chenye tope. "Kesho," akaniambia, "ongeza chumvi."