Ajue Mwenyewe

Mayige aliinamisha baiskeli ili mama yake, Kabula, apande kwenye keria bila kukunja mguu wa kulia. Juu ya goti kulikuwa na kidonda. Kilianza kama mchubuko wa kisiki shambani. Sasa kilinuka hata kupitia vitenge viwili.

Mara ya kwanza alimpeleka hospitali ya serikali, yeye akabaki nje. Daktari aliuliza bila kuinua kichwa bibi anaumwa nini. Kabula alishangaa. Huko Kasoli, kijijini kwao, mfumu, yaani mganga wa jadi, hupasua kuku, akasoma matumbo yake, kisha yeye ndiye humwambia mgonjwa ugonjwa wake. Mgonjwa anayejitangazia maradhi anamfundisha mganga kazi. Isitoshe, daktari huyu hakumwamkia wala hakumuuliza ukoo wake. Kabula akasema mwili hauna nguvu, basi. Akatoka na vidonge vya malaria.

"Mayu, mbona hukumwonyesha?" Mayige alimuuliza mama yake.

"Si kasoma? Ajue mwenyewe."

Miaka ile wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kugombea kununua pamba, na zahanati za watu binafsi ziliota mjini kama uyoga. Mara ya pili wakaenda kwa Selestini, mwenye zahanati mtaa wa Somanda. Huyo alimshika bibi mkono, akamwamkia Kisukuma, akauliza habari za ng'ombe, mvua na wajukuu. Kisha akampiga sindano. Mguu hakuutazama, wala hakuambiwa. Kabula alitoka akichechemea na kumsifu: mkono mwepesi, ulimi wa asali. Kidonda kikaendelea kula nyama, na sifa zikaendelea. Mayige alitamani kupiga ukuta ngumi.

Leo aliipita zahanati ya Selestini bila kusimama. Mama akamvuta shati, akamwambia amepotea njia. Mayige akazidi kukanyaga pedali.

Hospitalini walimkuta daktari yuleyule. Safari hii Mayige aliingia naye, na kwa unyenyekevu usio wake, akaomba mama aamkiwe kwanza. Daktari akacheka. Alisema foleni imefika getini; akiwaamkia bibi wote na koo zao, jua litazama hajatibu mtu.

"Ana kidonda mguuni," Mayige akasema.

"Haya bibi, tuone."

Kabula akanyoosha mguu wa kushoto, mzima, usio na hata kovu, akageukia dirishani.

Daktari aliutazama, akamtazama Mayige, akaita mgonjwa mwingine.

Hapo Mayige akafanya jambo ambalo mtoto wa kiume hamfanyii mama yake. Alipiga magoti, akashika pindo la kitenge, akakipandisha hadi pajani.

Harufu ikajaa chumba kizima. Daktari akasimama.

"Mngechelewa kidogo, tungeukata huu," alisema. Kisha, kwa sauti nyingine, "Shikamoo, mama."

Kabula hakuitikia. Alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kitenge.

Alilazwa, akasafishwa kidonda, akapona. Majirani walipokuja kumpa pole aliwaeleza kwamba aliyemponya ni Selestini. Sindano yake ilichelewa tu kushika. Daktari wa hospitali hakumtaja. Mayige alisikia yote akiwa zizini, akachukua sepeto, akazoa samadi.

Asubuhi iliyofuata alimkuta mama uani, amesimama kwa miguu yote miwili, anapepeta mtama. Akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

Mama akaendelea kupepeta.