Jicho la Kushoto la Mfalme wa Majitu

Maji ni mazito kuliko damu. Anayebisha na apake rangi kisanamu cha jitu chenye kimo cha kidole gumba, ndipo arudi tubishane. Damu ya kichupa, ile rangi nyekundu ya kutia kwenye mashoka na midomo, ukiipaka jinsi ilivyo hufunika meno, hufunika na pua, na jitu lako likabaki kama mlevi aliyeangukia sahani ya jamu. Tone moja la maji ndilo linaloitia adabu.

Darubini alilijua hilo kama anavyojua njia ya kwenda kazini. Jina alipewa na kaka yake, kwa sababu kila akirudi kutoka duka la miwani, ambako kutwa nzima alikuwa akisaga vioo vya macho ya watu, alivaa lenzi yake kichwani, akainamia meza, na ukimsemesha anakujibu kesho. Meza yenyewe haikuwa ya kujivunia. Mguu mmoja ulifungwa waya na droo ilikuwa imegoma kufunguka tangu enzi. Lakini ilikaa chini ya dirisha la chumba cha nyuma, na dirisha lile ndilo pekee nyumba nzima lililopata mwanga bila kupigwa na jua. Hapo rangi ilikauka kwa utaratibu wake, na kahawia ikabaki kahawia.

Dirisha lilikuwa la Baba Mkubwa, kama nyumba yote. Tangu baba yake Darubini afariki, Baba Mkubwa, kaka wa marehemu, ndiye aliyewapokea Darubini, mama yake na kaka yake, na hakuwahi kuwasimanga hata kwa kukohoa.

Wiki ile Darubini alikuwa anammalizia Mfalme wa Majitu. Jumamosi klabu yao ilikuwa na shindano. Klabu hiyo ni ya watu wazima wenye akili zao: mfamasia, mwalimu wa hesabu, fundi wa lifti na wengine wa namna hiyo. Hukutana ghorofani, juu ya duka la vitambaa, wakapanga majeshi ya majitu, vibwengo na walozi kwenye meza kubwa yenye milima ya boksi, wakatupa dadu na kuuana hadi jioni kwa heshima zote. Wake zao na waume zao walikwishakata tamaa. Masharti ni mawili tu. Kisanamu ambacho hakijakamilika rangi hakipandi mezani, na jeshi lisilo na mfalme halichezi. Miaka yote Darubini alikuwa akiwapakia wenzake rangi na kuchezea majeshi ya kuazima. Jumamosi hiyo, kwa mara ya kwanza, alikuwa anapeleka jeshi lake.

Sasa, uso wa jitu haubuniwi. Ukijaribu kuubuni unapata kiazi chenye macho. Uso unataka mwenyewe, mtu aliye hai aliyekasirika kweli, ambaye utamtazama mpaka ujue mkunjo upi unaanza na upi unafuata. Wachoraji wengine hutafuta picha. Darubini alikuwa na familia, na familia ilikula mezani kila siku bila kumtoza kitu. Alikuwa akiwatazama wanavyotafuna, kisha anakwenda kuwapaka. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuvitazama vile visanamu kwa karibu. Walivipita kama watu wanavyopita vumbi.

Mambo yaliharibika Jumanne, Shangazi alipokuja na dawa ya kikohozi na kusahau miwani.

"Hebu nipe hicho kidude chako cha kichwani," alimwambia Darubini. "Maelezo ya dawa hii wamewaandikia sisimizi."

Akaivaa lenzi, akageuka kutafuta mwanga, na mbele yake, juu ya kizibo cha chupa, akakutana na mtu anayemjua.

"Mungu wangu. Kaka amekuwa mdogo hivi?"

"Siyo Baba Mkubwa, Shangazi. Ni Mfalme wa Majitu."

"Na ndita za kaka yangu anazifanyia nini usoni?"

"Kaazima."

Shangazi hakuwa mtu wa kuonja habari peke yake. "Wifi!" alipaza sauti. "Wifi, njoo umwone shemeji yako kashika rungu!"

Mama alikuja na mikono yenye sabuni. Akaiweka lenzi jichoni, akamtazama mfalme, akaguna. Kisha akasogea kwa kisanamu kilichofuata, bibi mmoja mlozi mwenye mfuko wa mitishamba, akashika shavu.

"Mbona nimenuna?"

"Ulikuwa unatunga uzi kwenye sindano, mama."

"Nyuso za watu kwenye vidude namna hii. Majirani wakisikia si watasema nyumba hii inaloga?"

"Wakija nitawaambia mlozi ni wewe peke yako."

Kaka yake Darubini, fundi wa mafriji, alikuja kwa kusikia kicheko. Yeye alijitafuta kati ya mashujaa, akapita wapiga mishale, akapita wenye ngao, hakujiona. Shangazi ndiye aliyemwonyesha. Alikuwa chini ya mguu wa kulia wa mfalme, chali, kinywa wazi.

"Yaani mimi nimeshakufa?"

"Nilikuwa nahitaji maiti," alisema Darubini. "Na hivyo ndivyo unavyolala kwenye kochi kila Jumapili."

"Nimekanyagwa kifuani!"

"Rungu lilikuwa zito, lazima akanyage kitu."

Shangazi wakati huo alikuwa amekagua jeshi zima, mstari kwa mstari, na furaha ilikuwa imeanza kumtoka. "Na mimi niko wapi?"

"Hupo, Shangazi."

"Sipo?"

"Hutulii. Kila nikikutazama mdomo, umeshahama."

"Wifi, unamsikia mwanao? Ukoo mzima umechukuliwa jeshini, mimi nimeachwa nyumbani kama mwiko!"

Hapo ndipo Baba Mkubwa aliposimama mlangoni. Katika maisha yake ya kazi alikuwa mkaguzi wa mizani, mtu aliyeingia sokoni na wauza nyama wote wakakumbuka sala zao. Hakuuliza kinachochekesha. Alinyoosha mkono, akapewa lenzi, akainama.

Alianza na rungu. Akaenda kwenye mkufu wa mafuvu, akasema mafuvu yamepakwa vizuri. Mama akapumua. Kisha akafika usoni, na hapo akakaa.

Mwaka uliopita kiharusi kilimpitia Baba Mkubwa kwa mbali. Kilimwachia mikono, miguu, ulimi na hasira zake zote, kikachukua kope moja tu, ya jicho la kushoto, ambayo ililegea na kubaki nusu, kama pazia lililokatika kamba. Daktari alisema ni bahati. Nyumbani hakuna aliyesema chochote. Kiti chake kilihamishwa hadi upande wa pili wa sebule, shavu la kushoto likaelekea ukutani, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Wageni wakitaka picha, yeye alikumbuka ana jambo la kufanya uani. Watu wakizungumza naye walilitazama jicho la kulia, au shati.

Mfalme wa Majitu alikuwa na kope ya kushoto iliyolegea nusu. Ilipakwa kwa brashi ya nywele tatu, na chini yake, mahali ambapo wachoraji wengi wangetia weusi na kuondoka, palikuwa na mng'ao mdogo wa jicho linalokuona vizuri sana.

"Hili jicho," alisema Baba Mkubwa.

Hata Shangazi alitulia, na Darubini, Mungu amsamehe, akajikuta anaanza kuukariri mdomo wake.

"Utalifuta," alisema Baba Mkubwa, akiivua lenzi kwa mikono miwili kama mtu anayevua kofia msibani. "Utanipandishia hiyo kope, na utaniomba radhi mbele ya hawa hawa waliocheka. Nakupa mpaka Ijumaa. La sivyo meza hii itatoka chini ya dirisha langu."

Akaondoka. Waliobaki wakaanza kutoa ushauri, kwa kuwa ushauri ni kitu ambacho nyumba ile haikuwahi kupungukiwa.

"Neno halivunji mfupa, mwanangu," alisema Mama. "Mwambie radhi, yaishe."

"Kope ni nini?" alisema Shangazi. "Dokoa kidogo, panda juu, basi. Mimi nyusi nachora kila siku na hajafa mtu."

"Na ukikaidi," alisema Kaka, "usiniite kubeba meza. Mimi ni maiti."

Kurekebisha kope ile ni kazi ya mipigo miwili ya brashi, na Darubini alilijua hilo kuliko wao. Lakini kila alipochovya brashi, mkono ulikwenda hadi karibu na uso, ukafika, ukarudi. Mwishowe akafanya jambo la tatu. Boksi la mfalme lilikuja na vichwa viwili, na hushikizwa shingoni kwa pini. Akachukua kile cha akiba, akakipaka toka mwanzo: ndita zile zile, pua ile ile, na macho mawili yaliyofunguka sawasawa. Kilikuwa kichwa safi. Mwenyekiti wa klabu angekisifu kwa dhati. Kilitazama mbele kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi.

Ijumaa jioni aliweka rangi zake katika boksi la viatu, mtu hajui litakalotokea, kisha akaenda sebuleni na mfalme mkono mmoja na kichwa cha akiba mkono wa pili. Baba Mkubwa alikuwa kitini, shavu ukutani. Shangazi, ambaye tangu Jumanne alikuwa hajapata sababu ya kurudi kwake, alikuwa nyuma ya pazia la mlango pamoja na Mama na Kaka, na pazia lilikuwa linapumua.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba."

Darubini akavuta kigoda, akakipitisha kati ya kiti na ukuta, akaketi upande wa kushoto. Upande ule haukuwa umekaliwa na mtu mwaka mzima. Baba Mkubwa aligeuza uso kidogo, akaona hakuna pa kuugeuzia, akauacha.

Akapewa lenzi na kile kichwa cha akiba.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, umepandishwa kope."

Akakitazama, akakigeuza, akakitazama tena. "Huyu siye mimi. Huyu ni mume wa Shangazi yako."

Darubini akatazama. Ilikuwa kweli tupu. "Sikukusudia," alisema.

"Bora nife kabla yule hajapewa rungu."

Nyuma ya pazia mtu alivuta pumzi kwa hasira. Baba Mkubwa akakiweka kichwa juu ya meza ndogo, kifudifudi, akamchukua mfalme mwenyewe. Safari hii alimtazama kwa muda mrefu. Mkono wake mmoja ulipanda taratibu, ukaigusa kope yake, kama mtu anayelinganisha uzito wa vitu viwili, na yeye hakujua kwamba umepanda.

"Huko kwenu," alisema, "huyu hufanya nini?"

"Husimama katikati. Wengine wakikimbia, yeye hakimbii. Sheria yake haimruhusu."

"Na adui?"

"Adui akimkaribia, lazima kwanza atupe dadu kuona kama ataogopa."

"Huogopa?"

"Mara nyingi."

"Na hili jicho wataliona?"

"Kesho wataliona. Mwamuzi ana lenzi kubwa kuliko yangu."

Baba Mkubwa akamweka mfalme gotini. Alipoanza tena, sauti ilikuwa ile ya mkaguzi anayekaribia kumwachia mtu na mizani yake.

"Basi jicho liache. Lakini radhi utaniomba. Nilisema mbele ya watu, na mimi neno likinitoka halirudi. Niombe radhi tumalize, meza ibaki palepale, nawe kesho uende na jeshi lako."

Mama alikohoa nyuma ya pazia, kikohozi kikavu kilichokuwa na maneno ndani yake. Neno moja, na dirisha ni lake. Darubini aliutazama ule uso kutoka upande ambao hakuna mwingine aliyeujua, kope iliyolegea na jicho chini yake, na jicho lilikuwa linamtazama yeye.

"Hapana, Baba Mkubwa."

"Hapana nini?"

"Nyumba ni yako na dirisha ni lako. Umetulea, na ningekuwa nimekukosea ningepiga magoti hapa hapa kabla hujaniambia. Lakini nikikuomba radhi kwa hili jicho, nitakuwa nimesema kwamba ni tusi. Nilikutazama, nikapaka nilichokiona. Hao walio nyuma ya pazia wana mwaka mzima wanaongea na shati lako."

Pazia liliacha kupumua.

"Kwa hiyo unataka meza itoke," alisema Baba Mkubwa.

"Sitaki. Lakini rangi nimeshazifungasha, na asubuhi nitaitoa mwenyewe kabla sijaenda klabu."

"Na radhi?"

"Siombi."